Kumi na Tatu Nukta Sita

Wenzangu wa fedha wananiita Mtabiri.
Chedego, afisa takwimu, elimu ya msingi,
meza ya tatu toka mlangoni, chini ya feni iliyogoma tangu Pasaka.
Kazi yangu ni kuwahesabu watu ambao hawajafika.

Sianzii shuleni. Naanzia zahanati,
kwa nesi Yustina, daftari la chanjo lenye jalada la kitenge:
surua, dozi ya kwanza, Januari hadi Disemba,
mia sita na kumi na mbili.
Wanaolilia sindano leo
watalilia dawati mwaka wa tano kutoka sasa.

Nagawa kwa arobaini na tano, kama mwongozo unavyotaka.
Nahesabu na matundu: wasichana ishirini, tundu moja;
wavulana ishirini na tano.
Naandika kwa penseli.
Kisha nafunga faili, naenda kutazama.

Chilolwa Juu, kando ya barabara mpya ya mzunguko,
darasa la kwanza lina watoto mia moja sitini na saba.
Mwalimu Nyemo Msanjila anafundishia mlangoni
maana ndani hamna pa kuweka mguu.
Daftari anasahihisha kwa zamu:
Jumatatu wa dirishani, Jumanne wa ukutani.
"Na wa katikati?"
"Wa katikati," anasema, "nawaombea."

Nje kuna boma.
Wazazi walichanga mawe, matofali, mia tano mia tano,
likafika lenta, likasimama
kusubiri bati la serikali. Msimu wa tatu huu.
Mbuzi wanaingia kwa mlango, wanatokea dirishani,
wamehitimu.

Mhingo ni mbali, ng'ambo ya mashamba ya uwele.
Madarasa saba imara, bati halijaona kutu,
yalijengwa mwaka ambao mtangulizi wangu alichora mstari unaopanda
akaamini kwamba mstari hupanda tu.
Mvua zikakosa miaka miwili. Vijana wakafuata zege mjini,
wakabeba na watoto wao, wakawaleta wapi?
Chilolwa Juu, wakakae katikati.
Darasa la nne la Mhingo lina wanafunzi kumi na mmoja.
Sauti ya mwalimu inagonga ukuta na kumrudia.

Chumba cha sita hakina mtu,
lakini mlinzi, Mbeleje, anafuta vumbi madawati yote
kila asubuhi, kwa kipande cha khanga.
Nikamwuliza sababu.
Akanitazama, kitambaa mkononi:
"Si ninyi mliosema watakuja?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kikokotoo.

Kamati imekaa Alhamisi. Maji ya chupa, karanga.
Diwani mmoja anataka shule kwake, kwa kuwa jirani yake anayo.
Kwenye ramani, kiwanja cha shule kimepakwa kijani;
ardhini kina bikoni nne, msingi wa nyumba ya mtu,
mche wa zabibu, na mbwa.
Mwenyekiti anasema, Mtabiri, tupe namba moja.
Kumi na tatu nukta sita, nasema. Vyumba.
Basi andika kumi na tatu, hatujengi nukta.

Nukta sita ni watoto ishirini na saba.
Wana majina kwa Yustina, wana kovu dogo begani,
mmoja alimng'ata nesi kidole.
Nukta hiyo inakula, inakua, inajifunza kuvaa viatu
kushoto kulia, kulia kushoto.

Nimeandika kumi na nne. Kwa wino.
Mara hii sikutaka kitu kinachofutika.

Jioni simu inalia. Ni Yustina, ana haya kidogo:
"Chedego, kurasa mbili zilikuwa zimegandana.
Wako thelathini na mmoja zaidi."

Nafungua faili. Nashika ufutio.
Nakumbuka ni wino.