Kaseti ya Saba

Kaseti sita nimekwisha kuziandika.
Usiku, Tbilisi, ghorofa ya nne, lifti imekufa,
na Sidonia anauliza, kila kaseti, mwanzo ule ule:
"Imewaka hiyo? Haya. Mimi sina la kusema."
Kisha anasema saa nzima.

Nyuma yake yumo jogoo ambaye hakuiona Krismasi,
yumo mjomba Otari anapasua kuni,
na katika kaseti ya tatu, chini kabisa ya sauti yake,
mpira aliourekodi kaka yangu zamani
ambao kinasa sauti kibovu hakikuufuta vizuri.
Kwa hiyo bibi anavuka Rioni, umri miaka kumi na mitatu,
gunia la chumvi mgongoni,
barafu nyembamba kama utando wa maziwa,
na uwanja mzima unamshangilia.

Hakujua kuandika ila jina lake.
Mayai aliyahesabu kwa mkaa, nyuma ya mlango wa ghala,
na vifo pia, humo humo, kwa alama nyingine.
Aliyenunua nyumba, mtu wa Kutaisi, mpole tu,
ameupaka mlango rangi ya kijani.
Nilikuwa nimeupiga picha nusu. Nusu ya juu.

Kitana cha mfupa alichorudi nacho babu Varlami kutoka vitani
kina hadithi tatu.
Kaseti ya kwanza: alikinunua sokoni, kwa pesa yake.
Ya nne: alibadilishana na mkate.
Ya sita, mlango umefungwa, sauti imeshuka:
alikichopoa mfukoni mwa maiti,
kijana ambaye ndevu hazikuwahi kumwota,
na kwa miaka arobaini bibi alichana nywele kwa kitana kile
akimwombea mama asiyemjua.
Otari ananiambia: andika moja, ile ya kweli.
Mjomba, nimeziandika zote, na kwa mpango wake.
Unajua ni mwendo gani
kutoka ya kwanza mpaka ya sita?

Sasa hii ya saba.
Hapa ndipo nilipomuuliza habari za Tsisana,
bintiye wa kwanza, mwenye picha moja tu,
nayo amefumba macho.
Hakusema zima. Hakusema nyamaza.
Dakika kumi na moja anavunja jozi,
si jozi ya viatu wala ya soksi,
zile kokwa za Racha, ganda gumu,
ndani nyama iliyokunjamana kama uso wa kichanga.
Ta.
Kimya.
Ta.
Nimezihesabu: sitini na mbili.
Nikaandika *ta* sitini na mbili,
nikaona upuuzi, nikafuta,
nikaandika tena.

Nimesahau kueleza jambo.
Kwetu bibi huitwa *bebo*,
naye bibi humwita mjukuu *bebo*,
jina linakwenda na kurudi kama bakuli kati ya majirani,
halirudishwi tupu.
Nilipokuwa mdogo nilidhani ananitania.
Baadaye sikudhani chochote, lilikuwa jina langu.
Tangu Februari hakuna aliyeniita hivyo.

Mwisho wa kaseti kokwa zimekwisha.
Anapangusa meza kwa kiganja,
maganda yanaingia jikoni, moto unayapokea kwa kelele,
na kutoka mbali kidogo, kama mtu aliyekwisha geuka:
"Bebo, umekula?"

Mimi wa kwenye kaseti nasema nimeshiba,
kwa haraka, nikitafuta kitufe.
Mimi wa ghorofa ya nne narudisha nyuma.
*Bebo, umekula?*
Narudisha.
Ukurasa wenye *ta* unangoja mstari wake wa mwisho
na wino upo, na mkono upo.
*Umekula?*
Bado, bebo.
Nainuka nikapashe mkate wa mahindi.