Vyumba

Thuwaiba kakwangua tumbawe lililokufa,
upande wa kivulini,
akanisogezea hadubini: "Tazama. Usipumue."

Gamba, dogo kuliko chembe ya chumvi.
Chumba kimeegemea chumba,
cha mwisho ndicho kikubwa.
Ukutani vitundu; humo zilipenya nyuzi
za kiumbe mwenye seli moja,
hana mfupa, hana jicho,
kajijengea kwa chokaa ya bahari,
na kila alipobanwa
hakuhama: aliongeza chumba, akakaa vyote.

Sisi tumehama mara tatu.
Unguja, Dubai, hapa.

Jioni, Kantabu, mama anafagia kizingiti.
"Mchanga huu hauishi!"
Nachutama kando ya ufagio wake,
nabandika kidole, nakiinua:
nyumba ngapi hizi,
na mwenyewe hayumo hata moja.