Andika Korona

Mara ya kwanza pale Bombo nilisema:
ni korona, daktari, haizimiki.
Akauliza nilipimwa lini, na kama nakohoa.
Nikacheka.
Akaandika: anacheka bila sababu.

Miezi sita nimemeza vidonge vya sentensi ile,
ulimi mzito, kola imelowa mate,
Mwanakombo akinifunga vifungo vya shati
kama mtoto wa chekechea.

Leo yuko mwingine, binti Shekiondo,
kalamu yake haina kifuniko.
Kasoma faili, kanyamaza, kisha:
"Hii korona, baba, ikoje?"

Basi nikamweleza. Mashine ya mkonge, kule Pongwe:
jani linaingia kijani, linatoka singa,
maji yake yananuka hadi barabarani.
Miaka kumi na tisa nimelisha mdomo ule.
Sasa umehamia huku, nyuma ya sikio.
Mtu akinisemesha nasikia neno likikwanguliwa,
nabaki na nyuzi mkononi,
sijui lilikuwa jani gani.

Hakusema pole.
Aliuliza inanguruma zaidi saa ngapi.
Saa kumi alfajiri, nikajibu. Saa ya zamu.

Faili halifutwi. Akapiga mstari
juu ya "bila sababu",
akanigeuzia karatasi nisome alichoongeza.
"Umeandika singe," nikamwambia. "Ni singa."
Akarekebisha, akaweka na tarehe.

Nje, Mwanakombo kanidaka mkono:
wamesema una nini?
Nikamjibu, bado tunaandika.