Kura Nane kwa Moja

Nilisema: pepe ni pepe.
Punje isiyo na kiini huishia kwenye ungo,
na mimi, mwalimu wa hesabu, sikuajiriwa kupepeta makapi.
Nilisema hayo kikaoni, mwanzoni mwa Desemba,
siku ambayo jua lilituaga huku kaskazini mwa Ufini
kama mtu aendaye dukani kununua chumvi
akarudi katikati ya Januari.

Hilkka wa historia alikoroga kahawa yake, hakunijibu.
Kesho yake akawavisha wanafunzi tisa miwani mizito,
akawapa bonde tupu, mto mmoja, na agizo fupi:
"Kaeni humo. Ufanyeni mji."

Niliwachungulia mlangoni.
Vijana wa miaka kumi na mitano, mikono ikipapasa hewa
kama mgeni atafutaye swichi ya taa usiku
katika nyumba ya watu.
Nilicheka, nakiri.
Halafu Veikka, ambaye sehemu zilimshinda tangu utotoni,
akaja mezani kwangu, hakuitwa,
kuuliza paa liinamishwe kiasi gani
ili theluji isilivunje.
Nikamchorea pembetatu. Akasema "Ahaa!" akatoka mbio.
Miaka minne nilikuwa naingoja hiyo ahaa.

Inka Sarre hakuwa msemaji.
Neno lilimkwama, herufi ya kwanza ikibisha hodi, ikibisha,
na wenzake wakimmalizia sentensi
kwa huruma iliyouma kuliko kejeli.
Kule bondeni alijenga nyumba ya magogo, penye kona ya mto,
akapanda mibetula, miti ya gome jeupe kama karatasi,
arobaini na mmoja,
mmoja mmoja,
ingawa palikuwa na kitufe cha kuotesha msitu mzima.

Wiki ya sita mji ukaishiwa umeme.
Wakaitisha baraza. Pieti alileta ramani, Oula gharama,
na bwawa likaonekana jambo la watu wenye akili:
taa kwa wote, karakana, reli,
na nyumba moja tu chini ya maji.
Kura nane kwa moja.
Nilihakiki hesabu zao kwa kalamu yangu. Zilikuwa sahihi.
Hilo ndilo linaloninyima usingizi:
zilikuwa sahihi.

Maji yalipanda kipindi kizima, dakika arobaini na tano.
Hilkka alikataa kuiharakisha saa.
Inka alisimama kizingitini pake. Magotini. Kiunoni.
Kisha sauti yake ikaingia katika masikio yote manane:
"M-m-mlihesabu nyumba.
Mi-mi-mibetula hamkuihesabu."
Hakuna aliyemmalizia sentensi.

Jumatatu Oula, apigaye kelele hata usingizini, alikuja kimya.
Nyuma ya kiganja chake, kwa wino wa bluu,
majina kumi na saba: ya malisho, ya chemchemi,
ya fahali mmoja mkaidi.
Alikuwa amemuuliza bibi yake mambo ya ziwa lile
tunaloteleza juu yake kila majira ya baridi,
ambalo zamani halikuwa ziwa.
"Na wao walipigiwa hesabu," alisema.
Akaketi. Hakusema zaidi.

Hawakulibomoa bwawa.
Walibishana wiki mbili, mmoja akalia, mmoja akatukana,
wakalipunguza mita tatu, na karakana ikafa.
Sijui kama walifanya vyema. Hilkka naye hajui,
na maksi zake hakuzitoa.

Jioni moja, shule tupu, nikajaribu miwani.
Kichwa kikazunguka; nikashika meza isiyokuwepo.
Mto ulikuwa umetulia,
vilele vyeupe vimechomoza majini kama vidole vya waombao ruhusa.
Nikavihesabu, maana ndiyo kazi niijuayo.
Arobaini.
Nikarudia. Arobaini.

Asubuhi nikamwendea Inka:
"Mmoja uko wapi?"
Akafungua kinywa. Herufi ikabisha, ikabisha.
Nikavuta kiti,
nikakaa,
nikangoja.