Milimita Thelathini na Nne

Karatasi ilisema: mia tatu na sitini.
Nikaamini, maana karatasi haina uso wa kuona haya.
Kumbe hiyo ni hesabu ya feni tatu zilizosimama bega kwa bega.
Haihesabu vichwa vya rejeta, huku na huku,
ambamo maji hugeuza njia.
Rejeta yenyewe ina mia tatu tisini na nne.
Milimita thelathini na nne za uongo wa adabu,
nami nimepiga magoti jikoni, ghorofa ya nne, mji wa Łódź,
nasukuma chuma ndani ya bati
kama anayemvalisha mtoto wa mwaka huu
kiatu cha mwaka jana.

Otylia hakuinua macho. "Rudisha."

Kazi yangu ni kurekebisha rangi za filamu za watu wengine,
usiku, umeme ukishuka bei.
Mashine ikipata moto hunguruma chumba kizima.
Bibi yangu alifuma kiwandani miaka thelathini na mmoja,
akatoka na pensheni, sikio moja zima,
na utepe wa kupimia, wa njano.
Jagna ana miezi mitano.
Kitanda chake kiko hatua tatu kutoka kwenye feni.
Chumba ni kimoja.
Ndiyo maana ya maji.

Nikaufungua utepe. Sentimita ya kwanza imelika,
imeisha kwenye vidole vya bibi,
kwa hiyo naanzia penye kumi, kisha natoa kumi,
kama alivyofanya yeye kwenye viuno vya majirani.

Dukani kwa bwana Zenon
kasha la kwanza lilikuwa jeupe, kioo pande tatu,
limependeza kama bibi harusi.
Lakini kifua kimezibwa. Litavutia pumzi wapi?
La pili: juu panaingia rejeta, ndiyo,
ila unene wake thelathini, feni ishirini na tano,
jumla hamsini na tano,
na chini yake vijiti vya kumbukumbu vimesimama wima,
wageni waliokataa kuketi.
"Karatasi ya kiwanda ipo," alisema Zenon, akitazama utepe.
Nikamjibu: karatasi nimeshaisoma, sasa nasoma bati.
Akacheka. Kisha akaja kunishikia ncha ya pili.

La tatu lilikuwa nyuma, chini ya maboksi.
Jeusi, pana, baya kama jiko la makaa,
uso wote wavu.
Juu: mia nne sabini.
Mbele: mia nne na kumi, na kadi ya michoro
inabaki na kidole kimoja cha hewa.
Nilipima tena. Nilipima kwa utepe, kwa penseli, kwa kiganja.
Kilo kumi na tisa, tupu. Ngazi sabini na mbili.
Sikupumzika ila mara nne.

Maji yakimwagika hayazoleki:
kwangu hii haikuwa methali, ilikuwa hofu.
Usiku mzima niliiendesha pampu peke yake,
karatasi za jikoni zimetandikwa chini ya kila kiungo,
nazigusa, kavu, nazigusa, kavu,
hadi tramu ya kwanza ikapita
na karatasi bado kavu.

Kisha nikawasha yote.
Sikusikia kitu. Nikadhani imekufa.
Nikaweka mkono juu ya wavu: joto,
joto la mkate uliofunikwa kitambaa.
Nikamwita Otylia aje asikilize ukimya,
akasimama na soksi moja mguuni, akatabasamu.

Saa nane Jagna aliamka.
Saa nane na nusu. Saa tisa, bomba la jirani lilipokohoa.
Miezi mitano alikuwa amelala ndani ya ule mngurumo,
nasi hatukujua kuwa ndio shuka lake.
Otylia alinitazama gizani, hakusema "rudisha".
Nikaenda kwenye kasha, kwa vidole vya miguu,
nikapandisha feni moja.
Kidogo.
Kidogo tena.