Damu Isiyopenda Mwanga

Jumanne, saa moja na robo asubuhi,
jua bado liko nyuma ya mabati ya Viwandani.
Mzee Achesa amekwisha kunja mkono wa shati
kabla sijamwita jina.
Hii ni mara ya nne. Mshipa wake anaujua kuliko mimi:
"Huo wa kushoto, binti.
Wa kulia umechoka kuulizwa maswali."

Navuta mirija miwili.
Wa kwanza nausimamisha wazi kwenye kibao.
Wa pili nauvisha karatasi ya fedha,
ile ya dukani, ya kufungia nyama choma
(ya maabara iliisha Aprili, hii ni pesa yangu).
Anacheka. "Mbona damu yangu waificha? Imekosa nini?"
Haikukosa kitu. Mna vitamini humo, B sita,
mwanga ukiikalia inaharibika
kama sukuma iliyosahauliwa juani.

Miaka thelathini na minane alitengeneza saa barabara ya Luthuli.
Nikajaribu kwa lugha yake: gurudumu dogo likikosekana,
mishale husimama.
Akatikisa kichwa.
"Saa haiugui saratani."

Matokeo ya mwezi jana:
B sita, chini.
Mchochota, juu.
Neno hilo nililitafuta usiku mzima, nimletee kitu cha kushika.
Tumezoea kusema palipo moshi hapakosi moto,
na huu hauna moshi,
unakaa kwenye utumbo mpana kama mpangaji asiyelipa
na asiyetoka.

"Lakini nakula," anasema, kana kwamba nimemshtaki.
"Ndengu nakula. Managu, ndizi, samaki wa Jumapili.
Rasoa ananihesabia vijiko."
Naamini. Sidhani kosa ni la sahani.
Moto ukizuka Mukuru, watu hutoka na ndoo
mlango kwa mlango,
na ukipita vibarazani mwao usiku huo
utakuta mitungi mitupu.
Utasema hawa hawana maji?
Pengine maji yako kule, kwenye moto.
Pengine.
Hapo ndipo elimu yangu inapokomea,
na daktari hapendi nivuke hapo.

"Basi nimeze vidonge, ndoo ziwe nyingi?"

Swali la fundi.
Wenye digrii tatu bado wanaliinamia:
unachomwaga ni maji,
au uvimbe nao una njaa, na wewe unaupakulia?
Nikamwambia amuulize daktari.
Nikaona haya kidogo.

Akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo kimoja,
cha pili hakipo.
Juu ya kaunta akaacha mfuko wa managu.
"Yako. Na wewe una uso wa mtu anayelala njaa."

Jioni, Kawangware, nikayachambua jani kwa jani,
nikachemsha, nikaonja, chungu kama kawaida.
Yaliyobaki nikayatia bakulini,
nikajikuta nalifunika kwa karatasi ya fedha,
nakandamiza ukingo kwa kidole gumba,
pole pole, kuzunguka kote,
huku balbu ya jikoni ikiniangalia.