Cheche Haifiki

Jua limeshazama nyuma ya mawe ya Igombe
na Bi. Nyangeta, fundi wa injini za boti,
amekaa juu ya tangi tupu la petroli,
ovaroli mpya, spana mkononi
kama mtu aliyeshikishwa ua.
Anataka picha ya kibao cha karakana.
"Iwake," ameniambia.
"Mtu anione akiwa bado majini."

Nimempandisha Lusato kushoto, juu ya jiwe,
flashi imefungwa kwa mpira kwenye mpini wa fagio.
Nabonyeza.
Kamera inasema kwacha.
Flashi haisemi kitu.

"Lusato, umeiwasha?"
"Imewaka, bosi. Taa nyekundu naiona."
"Chaneli?"
"Saba."
Na kwangu saba. Kundi A, na kwake A.
Nabadilisha betri, naweka zile nne nilizonunua Kirumba
kwa mtu aliyeapa kwa jina la mama yake.
Kwacha.
Labda tumekaribiana mno, vidude vinazibana masikio.
Asogee mbali. Arudi. Ainue fagio, aligeuze,
hadi anafanana na mtu anayetafuta mtandao
apige simu kwao Ukerewe.
Kwacha. Kwacha.

Watoto wameshajaa. Mmoja anahesabu kwa sauti.
Mwingine anatoa hukumu: "Kamera yake bubu."
Na mwanga unanivujia ziwani,
umebaki wa kushika kwa kijiko.

Bi. Nyangeta hajasogea hata nyusi.
"Hiyo taa," anauliza, "ukiiamuru yenyewe,
bila kupiga picha, inatii?"

Sikuwa nimejaribu.
Nabonyeza kitufe cha majaribio kwenye rimoti.
Pwaa!
Jiwe zima linakuwa jeupe, mbuzi anaruka kamba,
watoto wanapiga makofi kana kwamba kazi imekwisha.

"Basi hewani hakuna ugonjwa," anasema,
na anashuka kwenye tangi.
"Cheche ipo. Haifiki.
Injini inayowaka ukiivuta kamba
ikagoma ukiizungushia funguo,
usiitukane plagi. Rudi nyuma na waya
hadi pale chuma kinapogusa chuma.
Hiki kidude kimekalia wapi?"

Kimekalia utosini mwa kamera, kwenye vijireli viwili.
Anakichomoa bila kuomba ruhusa.
Anawasha tochi ya simu, anafumba jicho moja.
Na pale, juu ya nukta ya katikati,
mdogo kuliko punje ya ulezi,
amelala usubi.

Usubi wa ziwa, mmoja wa yale mabilioni
yaliyopanda juzi kutoka majini kama moshi
yakaingia kwenye chai, kwenye macho,
kwenye mdomo wa padri katikati ya somo.
Bawa limekatika. Mwili umegeuka gundi.
Na mimi nusu saa nzima nalaumu hewa,
zile hatua ishirini kati yangu na Lusato,
kosa likiwa limelala chini ya kidole changu gumba.

Anafuta kwa ncha ya kitambaa.
Anapuliza. Anakisukuma kidude hadi mwisho,
hadi kinalia tik.
"Piga."

Napiga, na anatokea:
shavu, spana, mstari wa kovu juu ya kiwiko,
ziwa nyuma yake limeganda rangi ya risasi.
Ila kwa kiherehere nimeiacha shata kwenye mia tano,
kasi ambayo flashi haiiwezi,
na chini ya picha umeingia mkanda mweusi,
magoti kwenda chini ni usiku.
Naomba radhi. Nashusha hadi mia mbili.
Nyingine sita, safi, hazina doa.

Anazipitia moja moja kwa kidole chenye grisi,
mbele, nyuma, mbele tena,
kisha anarudi kwenye ile ya kwanza.
"Hii."
"Hiyo imekatwa, Bi. Nyangeta. Ina kosa."
Anapitisha kidole juu ya lile giza,
kushoto kwenda kulia, polepole, kama anayepima ubao.
"Na namba ya simu," anasema,
"ulitaka tuiandike wapi?"